Ubaridi wa Chombo Huanzia Baharini

(Mhadhara uliotolewa Mombasa mbele ya manahodha, mafundi na wanafunzi wa kazi za bahari)



Mmekuja jioni hii kusikiliza habari ya mtambo ambao watu wengi huukumbuka siku ile tu unapokataa kufanya kazi. Nimeombwa nizungumze mintarafu ya kukitunza kiyoyozi cha chomboni na kuutafuta ubovu wake. Nimeipokea kazi hiyo kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa sehemu kubwa ya umri wangu nimeimaliza nikiwa nimejikunja ndani ya vyumba vya mitambo, na kwa kuwa nimeona fedha nyingi za watu zikipotea, na viyoyozi vizima vikitupwa jaani, kwa sababu ya kutojua jambo moja tu.

Jambo hilo ndilo makusudi ya mhadhara huu, nami nalisema mapema ili msikilizaji asihangaike kulitafuta. Kiyoyozi cha nyumba hutupa joto lake hewani, bali cha chombo hulitupa baharini. Kwa hiyo mwenye kuutafuta ubovu wake na aanze kwenye maji, kisha aende kwenye hewa, kisha kwenye umeme, na gesi iwe ya mwisho. Maji, hewa, umeme, gesi. Vijana, yashikeni maneno manne haya kwa utaratibu wake, maana yote nitakayoyasema baada ya hapa ni ufafanuzi wake.

HOJA YA KWANZA: Kwamba ubaridi hautengenezwi, bali joto huhamishwa

Mwaka 1902 mhandisi kijana wa Marekani, Willis Carrier, alitakiwa kuisaidia kampuni moja ya uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu wa kiangazi ulikuwa ukizifanya karatasi zitanuke na kunywea, hata rangi zikawa hazikai mahali pake. Naye akabuni mtambo wa kuipitisha hewa juu ya mabomba ya baridi, ili unyevu wake ugeuke matone na kuchuruzika. Tangu siku hizo vyuma vimebadilika na gesi zimebadilika, illa kanuni ya kuhamisha joto imebaki ile ile.

Na kanuni hiyo, mabibi na mabwana, si ngeni kwetu. Bibi zetu walipoweka maji katika mtungi wa udongo, wakauegesha kivulini penye upepo, maji yale yalipoa kwa sababu machache yaliyopenya udongo na kukauka nje yaliondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Kiyoyozi nacho kina kitu chake kinachokauka na kuondoka na joto, nacho ni gesi iliyofungwa ndani ya mabomba. Ile iitwayo R-134a, ikiachwa katika presha ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye digrii 26 chini ya sifuri, na R-410A huchemka kwenye baridi iliyo kali zaidi ya hiyo. Gesi hii inapochemka ndani ya koili iliyo chumbani hulinyonya joto la chumba; kompresa huivuta na kuikandamiza mpaka ikawa ya moto kuliko bahari; kisha hupitishwa katika kondensa, ambayo aghalabu kwenye chombo ni bomba ndani ya bomba, gesi ikipita upande mmoja na maji ya bahari upande wa pili. Hapo joto lote la chumba hukabidhiwa bahari, na gesi ikarudi kuwa maji maji, tayari kwa safari nyingine.

Gesi basi ni mfano wa hamali anayechukua mzigo chumbani na kuutua pwani. Hamali huyu hapungui kwa kubeba, wala haliwi na kazi yake. Lakini akifika pwani asikute wa kumpokea, atasimama na mzigo kichwani huku nyuma yake mizigo ikizidi, presha itapanda, na mtambo utajizima wenyewe ili usipasuke. Wengi wetu tukiuona umezima humlaumu hamali, tukaenda kununua hamali wa pili, ilhali mlango wa pwani ndio uliofungwa.

HOJA YA PILI: Kwamba mgonjwa wa kwanza ni maji

Maji huingia kwa tundu lililo chini ya chombo, yakapita katika bilula, yakachujwa katika chujio, yakasukumwa na pampu hadi kwenye kondensa, kisha yakatokea kwa tundu la ubavuni. Kwa kila BTU 12,000 za joto ambazo mtambo huweza kuzihamisha kwa saa, ambazo mafundi huziita tani moja, huhitajiwa takriban lita 11 za maji kwa dakika. Si maji mengi. Ndoo moja yaijaza. Lakini yakipungua, kila kitu kingine huharibika nyuma yake.

Niruhusuni nikusimulieni kisa kimoja. Miaka mingi imepita tangu nilipoitwa kwenye boti iliyotia nanga katika hori ya Kilifi, baada ya mvua za masika. Mwenyewe, mzee mpole, alikuwa amekwisha kulipia gesi mara tatu kwa fundi mmoja ambaye sitamtaja, na kila mara kiyoyozi kilipoza siku mbili tatu kisha kikazima. Sikufungua mkoba wangu. Nilisimama ubavuni pa boti nikatazama mahali maji yatokapo, nikaona uzi mwembamba wa maji ukitoka na kukatika, mfano wa birika lililokaribia kwisha. Nikashuka chini, nikafunga bilula, nikafungua mfuniko wa chujio. Harufu ya tope ikatoka. Ndani mlikuwamo mwani uliosokotana kama nywele, vipande vya majani ya mikoko, na kamba wadogo wawili waliokufa. Tulilisafisha, maji yakaongezeka lakini hayakutimia. Kijana mmoja akapiga mbizi, akarudi na kipande cha mfuko wa plastiki alichokibandua kwenye tundu la kuingilia. Alasiri ile mzee alilala chumbani mwake amejifunika shuka. Kazi iliyotuchukua siku nzima ya pili ni kuitoa gesi ya ziada aliyokuwa ameuziwa.

Kutokana na kisa hicho na vingine vya namna yake nimejiwekea mambo matano, nami nakuachieni.

La kwanza, kila mtambo unapowashwa, tazama maji yatokayo ubavuni, uyajue kwa wingi wake siku ya uzima, ili uyatambue siku ya ugonjwa.

La pili, tia mkono juu ya mipira miwili ya kondensa, wa kuingilia na wa kutokea. Wa kuingilia utakuwa na ubaridi wa bahari, wa kutokea utakuwa na uvuguvugu kidogo. Ukiwa wa kutokea umepata moto, maji ni machache. Ikiwa yote miwili ni sawa, hakuna joto linalofika hapo, na ubovu uko upande wa kompresa au wa gesi. Na ikiwa maji ni tele, lakini mtambo bado unajizima kwa presha kubwa, shuku magamba ndani ya kondensa.

La tatu, chunga njia ya mpira. Pampu zilizozoeleka katika kazi hii husukuma maji, lakini haziwezi kujivutia maji zikiwa na hewa tumboni. Kwa hiyo pampu na chujio vikae chini ya usawa wa bahari, na mpira upande mfululizo mpaka kwenye kondensa, usishuke na kupanda tena, maana kila tumbo la mpira hunasa hewa. Sisi wa pwani hii, ambao maji ya bamvua hupanda na kushuka mita tatu na zaidi, tuna desturi ya kukipweleza chombo mchangani. Chombo kikirudi kuelea, legeza kibano cha mpira upande wa kutokea pampu, uache hewa itoke mpaka yaje maji, ndipo ukaze.

La nne, safisha chujio kila juma, na wakati wa masika, mito inapomwaga tope na takataka baharini, kila siku. Kisha, mara moja au mbili kwa mwaka, pitisha siki katika kondensa: chomoa mipira miwili, itie katika ndoo ya siki, na uizungushe kwa pampu ndogo muda wa saa moja au mbili, ukiona povu jua kwamba chokaa inayeyuka, halafu suuza kwa maji matamu. Nakusihini msitumie asidi ya betri, wala msichanganye siki na dawa ya klorini ya kufulia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

La tano, jua majira ya bahari yako. Mwishoni mwa kaskazi maji yetu hukaribia digrii 30, na wakati wa kusi hushuka hadi 25 hivi; katika Ghuba ya Uajemi, ambako majahazi ya biashara yalikuwa yakitujia, bahari ya kiangazi hupita digrii 32. Mtambo ule ule, ukiwa mzima kabisa, hupoza kwa uzuri zaidi mwezi wa Agosti kuliko mwezi wa Machi. Mwenye kulijua hilo hatakiita kiyoyozi kibovu kwa kosa la bahari.

Wazee wetu, kabla ya kuwapo umeme chomboni, walikuwa wakiupaka deheni upande wa chini wa jahazi, wakakwangua vijikombe vigumu vishikavyo mbao, wakajua kwamba bahari hukila chombo polepole, na kwamba dawa yake ni mkono usiochoka. Kondensa ni sehemu ya chombo iliyo ndani ya bahari, ijapokuwa tumeificha chini ya kitanda, nayo yastahili uangalizi ule ule.

HOJA YA TATU: Kwamba hewa nayo hutaka njia

Ikiwa maji yanatoka kwa ukamilifu, ingia chumbani. Hewa huvutwa kupitia filta, ikapita juu ya koili ya baridi, kisha ikasukumwa chumbani. Filta ikijaa vumbi, hewa hupungua. Hewa ikipungua, koili haipati joto la kutosha, unyevu huganda juu yake ukawa barafu, na barafu ikaziba hata ile njia ndogo iliyosalia. Mwenye chombo huona barafu akadhani mtambo unapoza kupita kiasi, kumbe umekabwa. Dawa ni kuzima upozaji, kuacha feni izunguke mpaka barafu iyeyuke, kisha kuosha filta kwa maji na sabuni. Barafu ikirudi ilhali filta ni safi, hapo ndipo gesi hushukiwa. Kipimo cha uzima ni chepesi: pima joto la hewa inapoingia na inapotoka, likitofautiana kwa digrii 8 hadi 11, mtambo unafanya kazi yake, na kama chumba bado kina joto, basi joto linaingia kwa wingi kuliko linavyotolewa. Tandika turubai juu ya sitaha, funga vifuniko, teremsha pazia za upande wa jua. Hayo hayana gharama.

Sasa nawaomba nyote mnisikilize kwa makini, maana hili ni la roho za watu. Unyevu uliogeuka maji juu ya koili hukusanyika katika sinia, ukatoka kwa kijipira. Wako wanaokiachia kijipira hicho ndani ya ngama, karibu na injini au jenereta. Mtambo, unapovuta hewa, huweza kuvuta kupitia kijipira hicho moshi wa injini, na ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, imuuayo mtu usingizini. Maji ya sinia yapelekwe kwenye kisima chake chenye pampu, au njia nyingine iliyo mbali na injini. Kijipira kitiwe kizingo cha kushika maji ili hewa isirudi. Na chumba cha kulala kiwekwe king'ora cha sumu hiyo. Nahodha aliyekodisha vyumba vyake kwa wageni amechukua amana ya roho zao.

HOJA YA NNE: Kwamba umeme dhaifu huua polepole

Kompresa inapoanza huhitaji umeme mara kadhaa zaidi ya inapokwisha kushika mwendo. Kamba ya umeme wa gatini ikiwa ndefu na nyembamba, au jenereta ikiwa imechoka, volti hushuka wakati ule ule zinapohitajika. Mtambo huvuma, hutetemeka, kisha huzima. Pima volti kompresa inapoanza, wala usitosheke na kipimo cha wakati imelala. Tazama plagi kama imeungua ikawa nyeusi, na nati za waya kama zina ule unga wa kijani uletwao na chumvi.

Wengi miongoni mwetu tunanunua boti zilizojengwa Marekani, ambako umeme huzunguka mara 60 kwa sekunde, ilhali wa kwetu huzunguka mara 50. Mota iliyofanyiwa 60 ikitiwa 50 huenda kwa sehemu tano katika sita za kasi yake, ikapata moto zaidi na kusukuma maji kidogo zaidi. Soma kibao cha mtambo kabla ya kuunganisha.

Tena ziko tahadhari mbili. Ukizima kiyoyozi, ngoja dakika tano kabla ya kukiwasha, ili presha za pande mbili zilingane. Mwenye kuwasha na kuzima kwa hasira huilazimisha kompresa kuanza ikiwa imebanwa. Na kabla ya kugusa chochote, kata umeme kwenye breka, ukumbuke kwamba kapasita huweka umeme wake hata baada ya kukatwa. Asiyejua kuitoa nguvu hiyo asiiguse.

HOJA YA TANO: Kwamba gesi ni neno la mwisho

Nimeiweka gesi mwisho kwa makusudi, kwa kuwa katika miji yetu ndiyo inayotangulizwa. Gesi si mafuta ya taa hata iishe kwa kutumiwa. Imefungwa, ikipungua, pana mahali inapotoka. Fundi anayeongeza gesi bila ya kuutafuta mvujo amemjazia mtu maji katika pakacha. Mvujo hutafutwa kwa povu la sabuni kwenye viungo, na kwa macho, kwani mara nyingi mahali panapovuja pana alama ya mafuta. Na kwenye vyombo, tazama hasa vyuma vilivyoliwa na kutu kwa chumvi. Mvujo ukishazibwa, hewa na unyevu huvutwa kwa pampu, ndipo gesi hutiwa kwa mizani, kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao, na iwe ya aina ile ile. R-410A hufanya kazi kwa presha kubwa zaidi kuliko R-22 ya zamani; kuzichanganya ni hatari.

Tena gesi ikitoka haiishii kwetu. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliwekwa kwa ajili ya kuzizuia zile zinazoharibu tabaka la ozoni, na R-22 imo katika zile zinazoondolewa. Kisha, mwaka 2016, mataifa yalikutana Kigali, katika nchi ya Rwanda, yakakubaliana kupunguza hata hizi zilizochukua nafasi yake, kwa sababu hulitia joto anga: kilo moja ya R-410A, ikihesabiwa kwa miaka 100, hulitia anga joto sawa na zaidi ya kilo 2,000 za hewa ya ukaa. Fundi anayeifungulia gesi hewani ili amalize kazi mapema anawadhulumu watoto wake.

KHATIMA

Waheshimiwa, gesi zijazo kwa kuchukua nafasi ya hizi, baadhi yake zashika moto, na ni nzito kuliko hewa, hata zikivuja chomboni zitatuama ngamani kama mvuke wa petroli. Maana yake ni kwamba makosa tuliyoyazoea, ya kukisia, ya kuongeza gesi ovyo, ya kufunga waya kwa utepe, kesho yatakuwa makosa ya moto. Basi wakati wa kujifunza utaratibu ni huu, taksiri hiyo ingali ikitugharimu fedha tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye vyombo, wekeni daftari karibu na mtambo, mwandike tarehe ya kusafisha chujio, joto la hewa ya kuingia na ya kutoka, na volti. Fundi ajaye atafaidika nalo zaidi kuliko kwa maneno elfu. Mafundi wenzangu, mteja akikuambieni gesi imekwisha, msikubali wala msikatae mpaka mmetazama maji. Ujira wa kusafisha chujio ni mdogo, lakini jina jema halina bei. Nanyi vijana, kesho, kabla ya jua kupanda, nendeni kwenye chombo chochote mnachoruhusiwa kuingia, mfunge bilula, mfungue chujio, mkalisafishe, kisha mfungue bilula tena, mwashe mtambo, na msimame ubavuni mkayatazame maji yanavyotoka.